Mtunza Sanduku wa Jericho

Kwa miaka kumi na minane Nyamai alikuwa akitunza ufunguo wa sanduku la posta lililotumiwa na familia kumi na tisa za mtaa wa Jericho. Kwenye stakabadhi ya posta jina lilikuwa lake peke yake, lakini watu waliandikiwa "kwa mkono wa Nyamai," na barua zikawafikia. Kila Jumamosi saa nne asubuhi alilifungua, akatoa kila kilichokuwamo, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko kuhakikisha hakuna bahasha iliyolala nyuma, kisha akalifunga likiwa tupu. Jumapili baada ya ibada alisimama kando ya mlango wa kanisa akigawa barua kwa majina, na kila aliyepokea akatia sahihi kwenye daftari. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba barua yake imepotea.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha rangi huko Viwandani, na wenzake walimtania kwamba hata akipiga chafya huandika ilikuwa saa ngapi. Kitu kilichomtia hofu kuliko vyote ni karatasi iliyoachwa ovyo. Mwaka mmoja alinunua njugu nje ya mahakama ya Makadara, akakunjua kile kipande cha karatasi zilimofungwa, akaona mwandiko anaoujua: ni mke wa jirani yake, akimweleza hakimu mambo ya chumbani. Alizimaliza njugu kwa adabu, akaenda na karatasi nyumbani, akaichoma jikoni bila kumwambia mtu. Tangu siku hiyo hakutupa karatasi yoyote yenye maandishi. Aliichoma, na majivu akayavuruga kwa kijiti.

Ndiyo maana mwaka 1999, Koki wa mlango wa pili alipotakiwa na chuo kimoja cha uuguzi huko Uskoti atoe anwani ya imeli, mama yake, Nthoki, hakufikiria mara mbili. Nthoki alimwendea Nyamai.

"Baba Mbithi, hawa Wazungu hawataki tena sanduku la posta. Wanataka hili lingine. Tufungulie na hilo, utushikie ufunguo."

Basi Nyamai akaenda kwa Rufaida, mwanamke wa Pumwani aliyekuwa na biro, ofisi ndogo ya kupiga chapa, karibu na mahakama. Rufaida aliwachapia watu hati za viapo, alitoa fotokopi, na tangu mapema mwaka ule alikuwa ameunganisha kompyuta yake na waya wa simu. Ukitaka mtandao unasubiri simu ipige kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, na mtu wa hati za viapo akitaka kupiga simu wakati huo, kila kitu kinakatika.

Siku ya kufungua anwani, Nyamai aliuliza maswali hadi foleni ikafika mlangoni.

"Nikitoka hapa, barua zitakaa wapi? Ndani ya hii kompyuta yako?"

"Hapana. Kwenye sanduku lako."

"Na hilo sanduku liko wapi?"

"Amerika," alisema Rufaida.

Nyamai aliikagua kompyuta kwa macho. "Na anayefagia huko hawezi kulifungua?"

"Baba Mbithi, una barua gani wewe mpaka Mmarekani azitamani? Weka neno lako la siri, usimwambie mtu, umemaliza."

Aliliweka. Hata mkewe hakumwambia. Rufaida alimfundisha kufungua barua, kuichapisha, na kuifuta. Hilo la kufuta Nyamai alilipenda kuliko mengine yote, kwa sababu lilikuwa la busara. Kisha akagundua kwamba barua zilizofutwa zinaenda kwenye kapu la taka na kukaa humo, na akaona hatari yake mara moja.

"Hili kapu nalo linamwagwa vipi?"

"Bonyeza pale. Lakini si lazima, litajimwaga lenyewe siku zikipita."

"Siku zikipita watu watakuwa wamefungia njugu," alisema Nyamai, akabonyeza.

Toka hapo kila Jumamosi alipitia posta kwanza, kisha kwa Rufaida. Alichapisha barua za mtandao, akazikunja mara tatu, akazitia kwenye bahasha za kaki na kuandika jina juu. Kisha alilifuta sanduku la Amerika likabaki tupu, akamwaga kapu. Hadi Oktoba, familia sita zilikuwa zimeshaandikiwa kwa njia hiyo.

Akitoka kwa Rufaida alishukia soko la Burma kula nyama na rafiki yake Muthama, mchonga vinyago. Muthama alikuwa na maoni kuhusu kila chombo chenye waya.

"Mimi nasikia hizo kompyuta zina virusi," alisema siku moja, akichovya nyama kwenye chumvi. "Wewe unashikashika kile kipanya chao halafu unakuja kushika nyama yangu."

"Virusi vya kompyuta haviambukizi watu."

"Nani amekwambia?"

"Rufaida."

"Mwenye duka ndiye atakwambia bidhaa yake ni mbaya? Nenda kanawe." Nyamai akaenda kunawa, kwa kuwa hakuwa na hakika. Aliporudi Muthama alikuwa bado anaendelea. "Na Desemba ikiisha zote zitazimika. Hazijui kuhesabu kupita tisini na tisa. Fundi mzima kaunda mashine, akasahau kwamba kuna mwaka kesho. Mimi nikichonga twiga nikasahau shingo, utanunua?"

Nyamai aliendelea kula. Alijua tu kwamba barua zilikuwa zinafika.

Barua ya Koki ilifika Jumamosi tarehe kumi na sita Oktoba. Nyamai hakusoma barua za watu, alitazama jina tu na kuhesabu kurasa. Ilikuwa ukurasa mmoja. Aliichapisha, akaikunja, akaifuta, akamwaga kapu. Jumapili Koki alitia sahihi, akaisoma palepale mlangoni mwa kanisa, akamkumbatia mama yake. Nafasi ameipata, na ufadhili pia. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Kisha Koki akaisoma mara ya pili, polepole, akamfuata Nyamai aliyekuwa akifunga mkoba wake.

"Baba Mbithi, fomu iko wapi?"

"Fomu gani?"

"Hapa wanasema nijaze fomu iliyoambatishwa, niitie sahihi, niwarudishie kwa faksi kabla ya Ijumaa tarehe ishirini na tisa. Nisipofanya hivyo nafasi wanampa mwingine."

Nyamai alifungua bahasha, akaipuliza ndani, akaigeuza chini juu. Akapekua mkoba wote. Yeye alikuwa mtu wa stoo, alijua maana ya kiambatisho: barua ikisema kuna kiambatisho na usikione, kuna mtu amekichukua njiani.

"Hii barua imefunguliwa," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu ameitoa fomu."

"Nani?" aliuliza Nthoki.

Hilo ndilo ambalo hakulijua. Alifikiria foleni ya Rufaida. Alifikiria yule anayefagia Amerika.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya babake, akaenda kwa Rufaida pamoja na Koki na Nthoki. Alianza kwa kutazama chini ya meza ya printa. Kisha akaomba, kwa heshima zote, kuambiwa ni nani mwingine aliyekuwa bironi Jumamosi.

"Kwani umepoteza nini?" aliuliza Rufaida.

"Fomu ya huyu mtoto. Ilikuwa kwenye bahasha."

"Bahasha uliitia wewe mwenyewe, Baba Mbithi. Ile barua haikuja na bahasha."

"Basi fomu ilikuja na nini?"

Rufaida aliacha hati ya kiapo aliyokuwa akichapa. "Pembeni ya jina la aliyeandika, uliona alama ndogo kama kibanio cha karatasi?"

Aliiona. Aliikumbuka vizuri sana. Ofisini kibanio kilikuwa na maana kwamba karatasi ziko pamoja, na yeye alikuwa ameona karatasi moja tu, akadhani kibanio kimechorwa kwa mapambo, kama maua kwenye kadi.

"Hapo ndipo fomu ilipokuwa," alisema Rufaida. "Unabonyeza, inafunguka. Haina neno, turudi tuifungue."

"Nimeifuta."

"Itakuwa kwenye kapu."

Nyamai aliinamia mkoba wake. Rufaida alimtazama, akaelewa, akajishika kiuno.

"Ulimwaga."

"Nilimwaga."

Nthoki alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. Hakuwa mtu wa kelele. "Miaka yote hii hujapoteza barua yangu," alisema. "Sasa umepoteza ile ambayo haikuwa hata na karatasi."

Maneno hayo yalimkaa Nyamai kifuani, kwa sababu hakuweza kuona kosa lake lilipo. Kila hatua aliyoichukua ilikuwa sahihi. Angechukua hatua ileile posta, na fomu ingekuwa mkononi mwa Koki. Yeye hakuzembea, aliipoteza kwa uangalifu.

"Si tuwaandikie watume tena?" alisema Koki.

"Watume nini?" aliuliza Nyamai. "Walishaituma. Haiko kwao tena."

"Iko kwao, Baba Mbithi."

"Ikiwa kwao, kwangu ilifika nini?"

Koki alimgeukia Rufaida. Rufaida naye alijaribu: ni kama fotokopi, alisema, ya kwako ni fotokopi na wao wanabaki na yao. Nyamai akauliza kama basi kila barua aliyowahi kuichoma, kwa maana ya kuifuta, bado iko kwa aliyeiandika. Rufaida akasema ndiyo, kama mwenyewe hakuifuta. Nyamai akaketi kwenye benchi kando ya Nthoki. Alikuwa amelinda siri za familia sita kwa miezi saba, na siri hizo wakati wote zilikuwa zimekaa kwa wenyewe huko, sanduku wazi, kapu limejaa.

Wakaandika. Nthoki alitaka isemwe kwamba fomu imepotea njiani, ili mtoto asionekane mzembe. Nyamai alikataa. Kwanza ulikuwa uongo. Pili, kama sanduku liko Amerika, pengine wenyewe huko wanaona ni nani aliyebonyeza. Akamwambia Rufaida achape kwa Kiingereza cha ofisi kwamba yeye, mtunzaji wa sanduku, ndiye aliyeifuta fomu kwa kutojua, kwamba Koki hana kosa lolote, na kwamba anaomba ipelekwe tena kwa hisani yao. Akataka jina lake liwe mwisho wa barua. Rufaida alipobonyeza kutuma, Nyamai aliendelea kuitazama skrini, asijue kama barua imeondoka au ipo.

Jumanne jioni mvua ilipiga Makadara hadi mitaro ikafurika, na simu ya Rufaida ikafa. Jumatano ilikuwa sikukuu. Alhamisi simu bado haikuwa na sauti. Kila jioni Nyamai alitoka kazini kwa miguu moja kwa moja hadi bironi, na kila jioni Rufaida alimwinulia mkono wa simu ausikilize mwenyewe. Jumamosi alipita posta, akagawa barua Jumapili, na Nthoki akatia sahihi ya barua kutoka kwa kaka yake bila kumtazama usoni. Wale wengine nao, mmoja mmoja, walitia mkono ndani ya bahasha zao kukagua kama kila kitu kimo.

Muthama ndiye aliyesema waziwazi. "Wewe barua zako zimekaa Amerika, simu imelowa Makadara. Mimi simwelewi anayekosa barua ya Uskoti kwa sababu ya mtaro wa Makadara."

"Hata mimi simwelewi," alisema Nyamai.

Jumatano tarehe ishirini na saba simu ilikuwa bado imekufa. Koki alimngojea Nyamai kwenye lango la kiwanda, amevaa sare ya zahanati alikokuwa akisaidia.

"Baba Mbithi, kesho twende tauni, katikati ya jiji. Kuna saiba kule, duka la kompyuta, watu wanalipa wanaingia kwenye mtandao."

"Tukafanye nini? Barua zetu ziko kwa Rufaida."

"Haziko kwa Rufaida. Si ulisema mwenyewe ziko Amerika? Lile sanduku linafunguka popote."

Nyamai alisimama barabarani, wafanyakazi wa kwenda Mukuru kwa Njenga wakimpita huku na huku. Sanduku moja, ufunguo mmoja, na milango kila mahali duniani. Hilo lilimtia hofu kuliko yote aliyowahi kuambiwa. Kama mlango uko kila mahali, mwizi naye hana haja ya kuja Makadara.

"Ina maana mtu yeyote, akiwa popote, akilijua lile neno..."

"Anasoma. Ndiyo. Lakini halijui." Koki akashusha sauti. "Ama ungenipa mimi hilo neno, niende peke yangu? Kama hutapata ruhusa."

Lilikuwa ombi la kawaida. Nyamai alitaka kukataa na alitaka kukubali. Familia sita zilikuwa zimemwamini kwamba hakuna mwingine anayelijua neno hilo. Na msichana huyu alibakiwa na siku mbili.

"Nitaomba ruhusa," alisema.

Saiba yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, kompyuta kumi na mbili bega kwa bega, na vijana wenye vitambulisho vya chuo wakicheka na skrini zao. Kila mtu aliona sanduku la mwenzake. Hakuna aliyejali. Nyamai alivua koti lake akalitundika juu ya kompyuta na juu ya kichwa chake, akawa kama mpiga picha wa zamani, akachapa neno la siri gizani humo kwa kidole kimoja.

Kijana wa meza ya jirani aligeuka. "Mzee, niaje? Unaficha nini huko, pesa ya serikali?"

"Barua," alijibu Nyamai kutoka chini ya koti.

"Mwachilie mzee," alisema Koki.

Mara mbili alikosea herufi. Mara ya tatu sanduku likafunguka, lilelile, na jina lake pale juu kama lilivyokuwa Makadara. Lilikuwa na barua nne. Mmoja wa walioandika alikuwa mama wa ofisi ya usajili ya kile chuo cha Uskoti, na pembeni ya jina lake kulikuwa na kibanio. Ilikuwa imekaa humo tangu siku ya sikukuu.

Nyamai alitoa kichwa nje ya koti. "Njoo ufungue wewe," alisema. "Mimi nisiguse."

Yule mama aliandika mistari mitatu: asiwe na wasiwasi, mambo haya hutokea hata kwao, na fomu ni hii tena. Koki alibonyeza kibanio na fomu ikafunguka, kurasa mbili, jina lake likiwa limeshachapwa juu. Aliijaza kwenye kaunta kwa kalamu ya Nyamai. Alipofika kwenye sahihi, Nyamai akamshikia karatasi isiteleze. Mwenye saiba aliipeleka kwa faksi, ikakwama, akaipeleka tena. Wakangoja. Nyamai alihesabu vigae vya sakafu, akaanza tena upya. Baada ya muda wa kama saa moja Koki alitazama sanduku: mstari mmoja, kwamba fomu imepokelewa na jina lake limewekwa kwenye orodha.

Hakupiga kelele. Aliketi tu, viganja vikiwa mdomoni. Nyamai alitamani kumwambia neno zuri, lakini alikuwa bado anafikiria ilikuwaje fomu aliyoiangamiza kwa mikono yake ikawa nzima vile, bila hata kukunjika.

Kisha Koki akasema, macho yakiwa bado kwenye skrini, "Baba Mbithi, usikasirike. Nataka kufungua sanduku langu mwenyewe. Kule nitaenda, nitakuwa nikiandikiwa kila siku."

"Na mama yako atakuandikia kupitia wapi?"

"Kupitia kwako. Yeye si anakuamini wewe?"

Nyamai hakuwa na hakika kama hilo bado lilikuwa kweli, lakini alilichukua. Akatikisa kichwa kukubali. Koki akajaza jina, mwaka wa kuzaliwa, nchi. Alipofika mahali pa neno la siri, Nyamai alisimama, akajigeuza, akatazama dirisha na mapaa ya majumba ya upande wa pili, mikono nyuma. Nyuma yake alisikia herufi zikigongwa moja moja.

"Koki."

"Naam?"

"Nimesikia ni saba. Weka lingine, na uligonge harakaharaka."

Koki alicheka, mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Nyamai akaziba masikio kwa vidole viwili, akasubiri aguswe bega.